Mkalimani Aliyengoja Jibu la Uskochi

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, na wengi wao walistahili. Lakini hakuna niliyemdharau kwa muda mrefu, na kwa raha, kama Mkalimani wa mahakama yetu ya Mikindani. Nilianza kumdharau vita vya pili vya dunia vilipokuwa vimekwisha karibuni, boma likiwa bado kule Mikindani, nikaendelea hata baada ya serikali kutuhamishia Mtwara kwenye bandari mpya. Ilikuwa kazi yangu ya pili, ila hii niliifanya kwa moyo.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake upi. Wanaomjua watamjua, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu. Jina lake pia naliacha. Sisi sote tulimwita Mkalimani, na mama yake mwenyewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa karani wa taipu wa boma. Mashine yangu ilikuwa nzee, na herufi yake moja, ile e, ilipanda juu kidogo ya mstari kama mtu anayechungulia ngoma nyuma ya watu. Karatasi yoyote iliyotoka mikononi mwangu niliitambua kwa e hiyo, hata ningeikuta imefungiwa karanga sokoni.

Nianze na viatu, kwa sababu hata leo sijavisamehe. Alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vya kamba, akivipiga rangi kila asubuhi mpaka uone uso wako, kisha anatoka navyo mchangani. Mikindani ni mchanga na mawe ya matumbawe, mtu mwenye akili huvaa makubazi. Yeye alifika mahakamani, akakaa ngazini mbele ya washitakiwa na askari, akavua kiatu cha kulia, akamwaga mchanga, akavaa. Akavua cha kushoto, akamwaga, akavaa. Siku moja nikamwuliza.

“Bwana Mkalimani, kwa nini usivae makubazi kama sisi wenzio?”

“Najizoeza, Bwana Karani.”

“Unajizoeza nini?”

“Baridi.”

Jua lilikuwa linapasua mawe. Nilisimulia kisa hicho kwa muuza kahawa jioni ile, na kwa mwezi mzima vijana wa Mikindani walipomwona walijikunyata na kugonganisha meno. Yeye aliwaitikia salamu.

Baridi aliyoizungumzia ilikuwa ya Ulaya. Mkalimani alikuwa na digrii. Ndiyo, digrii, na aliipata kwa posta. Vitabu vilikuja kwa meli, majibu yakarudi kwa meli, na mtihani aliufanyia katika chumba cha nyuma cha boma, Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma aliyekuwa pia hakimu wetu, akimwangalia huku anasafisha bunduki yake ya kuwindia ndege. Sisi tuliiita digrii ya stempu. Mtu mwingine angepata kitu kama hicho angeomba ukubwa serikalini, akajenga nyumba ya mabati Ufukoni, akaoa. Yeye alitaka digrii ya pili juu ya ile ya kwanza, na alitaka aisome hukohuko ng'ambo, na alitaka iwe ya falsafa.

“Falsafa ndiyo elimu gani?” muuza kahawa alimwuliza.

“Ni elimu ya kuuliza swali mpaka ujue umeuliza nini.”

“Na ukishajua?”

“Unauliza tena.”

Muuza kahawa akamjazia kikombe. “Basi nyumbani kwangu nina mwanafalsafa,” akasema, “na sikumlipia meli.”

Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia. Mkalimani naye alitabasamu, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Mtu ukimcheka anapaswa kukasirika, ili ujue kwamba umemfikia.

Alikuwa na maneno yake, na maneno hayo yalinikaa masikioni kama mbu. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza, “Umejuaje?” Ukimwambia fulani ni mwizi, “Ulikuwepo?” Ukimwambia ulikuwepo, “Uliona au ulidhani?” Alikuwa mtu wa kukuharibia umbeya mzuri kwa maneno mawili. Na pamoja na akili zote hizo hakuweza kuvuka kwenda Msangamkuu bila kutapika. Nilivuka naye mara moja, tulipotumwa kupeleka hati ya mahakama. Maji yalikuwa yametulia, akina mama wamekaa na makapu yao ya mihogo wakizungumza, na yeye ameinamia ubavuni mwa mtumbwi anatapika mpaka nyongo. Nikajisemea, huyu ndiye wa wiki tatu baharini, haya.

Mahakamani, nikiri, watu walimwamini. Bwana Shauri alikaa mezani, mshitakiwa kizimbani, na Mkalimani katikati, akichukua Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kiswahili na kuvigeuza Kiingereza, kisha akikirudisha Kiingereza kilikotoka. Hakuwa na ruhusa ya kutoa maoni yake, na hakutoa hata mara moja. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo mji mzima uliijua isipokuwa Bwana Shauri. Shahidi akisema uongo, Mkalimani aliutafsiri kama ulivyo, mpaka mwisho, bila kuupunguza. Kisha alivua miwani yake na kuifuta kwa ncha ya shati, taratibu, kioo kimoja baada ya kingine. Ukimwuliza angesema ni jasho. Watu waliokuja kusikiliza kesi hawakumtazama hakimu wala shahidi, walitazama ile miwani, na nimewaona mashahidi wakubwa wakubwa wakikatika sauti kwa sababu mkono wa Mkalimani umepanda usoni.

Kisa kimoja cha mahakamani lazima nikieleze vizuri, kwa sababu kitarudi. Aliletwa bibi mmoja wa Kimakonde, mwenye ndonya mdomoni, amelalamikia mpaka wa mikorosho yake. Aliposimamishwa kizimbani, kabla ya kusema lolote, alianza maneno marefu huku ameinama. Mimi Kimakonde nakisikia. Alisema yeye ni mbwa wa wenye nchi, hana mdomo, hana akili, ni takataka za nyuma ya nyumba, nani amsikilize. Alisema hivyo karibu dakika nzima. Mkalimani akamgeukia Bwana Shauri na kusema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaiheshimu mahakama na yuko tayari kutoa ushahidi.

Bwana Shauri akanyanyua kichwa. “Amesema maneno mengi, wewe umesema machache.”

“Ameheshimu, Bwana. Kwa Kiingereza heshima ni fupi.”

Bibi akatoa ushahidi wake kwa sauti kavu, mti kwa mti, na akashinda kesi. Jioni nilimshika Mkalimani kwa muuza kahawa, nikamwambia amekula kiapo cha kutafsiri yote na leo amemeza nusu ya maneno ya mtu. Alifikiri sana, kama kawaida yake ya kukuchosha.

“Ningesema kama alivyosema, Bwana Karani,” alijibu, “ningekuwa nimemsingizia.”

Nilimwona mwizi wa maneno, nikamwambia hivyo mbele ya watu. Hakubisha.

Sasa kungoja kwake. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hawakumwona yule. Lori la posta lilitoka Lindi likafika kwetu Jumatano, barabara ikikubali. Jumatano Mkalimani alivaa tai. Hakusogea dirishani kama watu wengine wanaosukumana na kutaja majina yao. Alisimama ng'ambo ya njia, mgongo kwenye ukuta wa forodha, mpaka mtu wa mwisho ameondoka. Kisha alivuka, akauliza, “Kuna chochote?” Hakupata kusema, kuna barua yangu. Wakati wa masika lori lilikwama njiani majuma mawili, matatu, na yeye alikuja na tai yake vilevile, akasimama ukutani kwenye mvua, akingoja lori ambalo kila mtu alijua limezama matope.

Barua zilikuja. Bara Hindi walisema hapana. Chuo kimoja cha Uingereza kikasema hapana, akaomba tena mwaka uliofuata, kikasema hapana kwa maneno yaleyale. Amerika walimwambia ndiyo, ila hawana msaada, maana yake hapana yenye tabasamu. Kila barua aliniletea niisome, kwa kuwa maombi yote niliyapiga mimi, na alifikiri nina haki ya kujua mwisho wake. Alinyoosha kidole kwenye sentensi. “Wanasema chuo kinasikitika. Chuo chasikitikaje, Bwana Karani? Lazima yuko mtu. Ningependa kujua ni nani aliyesikitika.” Mtu amekataliwa na nusu ya dunia, naye anatafuta nani kasikitika! Nilimwonea kinyaa. Nilitaka alie, au atukane, au achane karatasi, afanye lolote ambalo mimi ningefanya.

Nilipiga taipu maelezo yake mara saba, yale ya kueleza kwa nini anataka kusoma. Alitaka kuandika kitabu kizima juu ya shahidi: tunajuaje kwamba anajua, na sisi tunaosikia maneno ya mwenzetu tunajuaje alichokusudia. “Swali gani hilo?” nilimwambia. “Si unamsikia tu?” Akaniambia, “Hapo ndipo ninapotaka kuanzia.” Nilimpigia chapa kwa sababu Bwana Shauri aliniamuru, na kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuona atafika wapi na ujinga wake.

Mama yake alikuwa na mikorosho Mtawanya, na alikuja bomani kwa miguu kila msimu kumtafuta. Alikuwa mama wa maneno.

“Ntoto wangu yuko wapi?” aliniuliza mara moja, kikapu kichwani.

“Yuko ukutani, mama, anangoja barua.”

“Barua ndiyo nke? Wenziwe wana wake, yeye ana barua. Mikorosho imeota msitu chini, ntu wa kupalilia hana, kila siku barua, barua. Haya, ikija itanipikia?”

Nilicheka naye, nikamkaribisha kiti, nikamwongezea chumvi. Aliponiona nacheka sana akaniangalia. “Lakini wewe usimcheke,” akasema. “Mie mama yake ndiyo namcheka.” Akajitwika kikapu chake akaenda zake.

Mwaka uliofuata kikaja chuo cha Uskochi. Hicho hakikusema hapana. Kiliandika kwamba wameyapenda maelezo yake, kwamba kuna msaada wa kulipia meli na masomo kwa watu wa makoloni, na kwamba msaada huo hautolewi kwa aliyevuka miaka thelathini na mitano. Mkalimani alikuwa anaifikisha mwaka ule. Walitaka mashahidi watatu wa kumwandikia. Bwana Shauri akaandika. Mwalimu wake wa zamani wa shule akaandika. Wa tatu, fomu ilisema, awe mtu aliyemfahamu mwombaji tangu utotoni, aeleze tabia yake, na mwombaji asiione barua hiyo. Jibu litatoka wakiisha kuipata. Ilibaki barua moja tu kati yake na Uskochi.

Aliyemfahamu tangu utotoni alikuwa Maalim, mzee wetu wa chuo cha Kurani, aliyetufundisha sote wawili alifu kwa kijiti kilekile. Wakati huo alikuwa amepofuka. Kiingereza hakujua hata neno. Na mkalimani wa Mikindani nzima alikuwa mtu mmoja, ambaye kwa barua hii hakuruhusiwa. Basi ikaja kwangu.

Alimleta Maalim bomani kwa mkono asubuhi ya Jumamosi, akamkalisha mbele ya meza yangu, akambusu mkono, akatoka. Mwingine angesimama mlangoni. Yeye alitoka kabisa nje, akaenda kusimama juani chini ya dirisha langu, mgongo ukutani kama siku za lori. Niliona kofia yake pale kwenye kizingiti cha dirisha.

Maalim aliipapasa meza kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Nimesomesha watoto wa mji huu maisha yangu yote. Wengine wamekuwa matajiri, wewe umekuwa karani, alhamdulillahi. Lakini huyu, mwanangu, sijapata mwingine. Alikuwa ananiuliza mambo mpaka mimi nikarudi vitabuni. Hilo usiliandike.”

“Siandiki, Maalim.”

“Sasa andika.”

Akasema barua yake kwa Kiswahili, polepole, kichwa kimeinuka, na mimi nikaiandika kwa kalamu. Aliwasalimu wenye chuo. Akasema, huyu tunayemleta kwenu ni mtoto wetu, na mtoto wetu hana kitu. Hajui kitu. Kichwa chake kizito na adabu yake pungufu, na kosa ni letu tusiomfunza. Tunawaletea mzigo, tunaomba mtutue. Akikosea mchapeni, akishindikana mrudisheni, hatutawalaumu. Sisi ni watumwa wenu, na yeye ni mtumwa wa watumwa wenu.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Ukienda kuposa, hivyo ndivyo unavyosema. Anayesema mtoto wake hana kitu ndiye mwenye mtoto. Anayesifu, watu hutazamana na kujiuliza, ana kasoro gani huyu mpaka wazee wake wamsifu? Tena sifa mbele ya wageni huita kijicho, na Maalim alikuwa anampeleka kijana wake mbali, kwa watu asiowajua, baharini. Alimvika kila kinga aliyokuwa nayo. Sikupata kusikia barua ya kuposa nzuri kama ile.

“Itengeneze vizuri, mwanangu,” alisema alipomaliza. “Adabu za Wazungu wewe ndiye unazijua.”

“Nitaitengeneza, Maalim.”

Nikaweka karatasi kwenye mashine, nikaanza kuigeuza Kiingereza neno kwa neno. Hajui kitu, nikaandika hajui kitu. Kichwa kizito, nikaandika kichwa kizito. Mchapeni, mchapeni. Nilitafuta kwenye kamusi ya boma neno la “pungufu” ili nisikosee. Nilipofika pale pa mtumwa wa watumwa, kengele ya mashine ikalia mwisho wa mstari, nami nikamwona Profesa wa Uskochi amevaa miwani anasoma, nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mpaka nikashika meza.

“Wacheka nini?” Maalim aliuliza, naye anatabasamu bila kujua.

“Nimekumbuka jambo, Maalim.”

Nikamshika mkono akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, nikafunga bahasha, nikaipiga muhuri wa lakiri.

Mtu ataniuliza, ulijua? Nilijua. Nilikuwa mahakamani siku ya yule bibi wa ndonya, nimeketi hatua tatu kutoka kizimbani. Lakini nilijiambia mimi ni karani wa taipu, mkalimani ni yeye, na si mimi niliyetunga maneno. Tena nilikuwa nimechoka na tai yake ya Jumatano. Nilitaka jambo lile liishe.

Liliisha baada ya miezi mitatu. Bahasha ilikuja, akaifungua palepale ng'ambo ya njia, akasoma, akaikunja. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha boma nikitazama. Alivuka akaja kwangu. “Wamekataa,” akasema. Safari hii hakunipa karatasi niisome, wala hakuuliza nani kasikitika. Nikampa pole, na pole yangu ilitoka vizuri kabisa.

Ijumaa ile ile ndipo niliposikia jambo lililonipa sababu ya kumdharau miaka mingine minne. Watu wametoka msikitini, Maalim amekaa kwenye baraza ya nje, na Mkalimani amechuchumaa mbele yake.

“Maalim, barua yako imesomwa mbele ya wakubwa wote wa chuo,” alikuwa anamwambia. “Wamesema hawajapata kuona barua ya adabu kama ile. Ila nafasi zilikuwa zimejaa.”

“Waliipenda?”

“Waliipenda sana, Maalim.”

“Basi riziki haikuwepo,” mzee akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa. “Lakini barua waliipenda.”

Nilisimama pale na kubazi langu moja mkononi, nimeduwaa. Huyu ndiye wa umejuaje! Huyu ndiye wa uliona au ulidhani, anakaa mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa anamdanganya kipofu ili asionekane ameshindwa. Na nilimtazama vizuri: miwani hakuigusa. Tangu siku hiyo, akianza tu maneno yake ya ukweli na ushahidi, nilitema mate pembeni. Maalim kwa upande wake aliibeba habari ile kila mahali. Hakuna harusi wala hitima aliyohudhuria bila kueleza jinsi barua yake ilivyosomwa Uskochi. Watu walimpisha akae mbele.

Boma likahamia Mtwara. Bandari ikachimbwa, meli kubwa zikafunga gatini, malori ya korosho yakapanga foleni, na mimi nikaacha serikali nikaingia kwa wakala wa forodha pale bandarini, kwenye ofisi yenye feni. Mashine yangu nzee niliinunua bomani ilipouzwa, nikaja nayo. Mkalimani alibaki mahakamani. Tuliendelea kuonana. Alikuja akika ya mwanangu wa tatu, akamshika mtoto, akamwombea dua ndefu. Alikuwa ananiletea na karatasi za watu wa vijijini, malalamiko ya mipaka, nimpigie. Nilimpigia, nikamdharau, nikampa chai.

Kisha Maalim akafariki, tukamzika Mikindani. Siku mbili baada ya arobaini, saa nne ya asubuhi, Mkalimani akaingia ofisini kwangu bandarini. Alikataa kiti. Nje makuli walikuwa wanapakua magunia na kuimba, ikabidi asogee karibu na meza ili nimsikie. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya mashine.

“Hii ni yako, Bwana Karani.”

Niliikunjua. Sikuhitaji kusoma. Kila mstari ule ulikuwa na e zake zimechungulia juu, na chini sahihi ya Maalim imepinda.

“Umeipata wapi?”

“Ilikuja na jibu. Profesa mmoja aliona si haki mtu ahukumiwe kwa ushahidi asiousikia. Akaitia ndani ya bahasha.”

“Jibu lile la miaka minne iliyopita?”

“Hilo hilo.”

Akika ya mwanangu ilikuwa baada ya hapo. Chai zote zilikuwa baada ya hapo. “Mbona hukuniambia?” nilimwuliza, na nilisikia sauti yangu imekuwa ndogo.

“Ina jina la Maalim. Ningekuambia wewe, tungegombana. Tungegombana, mji ungejua. Naye angeyasikia.” Akainyoosha karatasi kwa kidole, pale ilipokunjika. “Tafsiri yake haina kosa. Nimeipitia mara nyingi. Hata nukta ziko mahali pake.”

Niliona haya. Nasema wazi, kwa sababu sikuwahi kusema: niliona haya mpaka masikio yakaungua, na haja ya kumdharau ilikuwepo palepale, kama njaa, isipokuwa sikuona pa kuishika. Nikainamisha macho nitafute vile viatu. Alikuwa amevaa makubazi.

“Utaomba tena?” nikasema, ili nisinyamaze.

“Miaka imepita, Bwana Karani. Wanataka vijana.” Alisema hivyo kama anavyosema mtu bei ya samaki. Kisha akaongeza, “Nina swali moja. Si lazima ujibu.”

“Uliza.”

“Siku ile ulipokuwa unaipiga hii, ulicheka?”

Nilikumbuka kofia kizingitini. Nilikumbuka dirisha lilikuwa wazi. Yote hayo niliyakumbuka kabla sijafungua mdomo, na nilikuwa na nafasi ya kutosha.

“Sikucheka,” nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akavua miwani yake, akaishika ncha ya shati, akaifuta taratibu, kioo kimoja, na kingine.